Gusa, Urudi

Ukija kijijini kwetu ukauliza njia, utaelekezwa vizuri sana, kwa upole, na anayekuelekeza huenda akakushika hata mkono. Shida ni moja tu: utaelekezwa kwa vitu ambavyo havipo. "Nyooka mpaka kisimani," utaambiwa, na kisima chenyewe kilifukiwa na matope kabla mimi sijazaliwa. "Ukifika dukani, kata kushoto." Duka liliondoka na mafuriko pamoja na mizani na kufuli lake, na mahali pake pana zizi la mbuzi. "Halafu vuka daraja, nyumba ya pili." Hapo ndipo mgeni anapofika ukingoni, anayatazama maji, maji yanamtazama, na anaanza kujiuliza ametukosea nini.

Sisi hatuoni ajabu. Tumekua hivyo. Hata mimi niliyemaliza sekondari, niliyefundishwa ramani mpaka nikawa naota mistari ya kontua, nikimwambia mtu tukutane dukani anakuja moja kwa moja zizini, na wala hatuulizani.

Wananiita Redio. Wanadai sina swichi ya kuzimia. Ndiyo maana ilipoundwa kamati ya mipango ya kijiji wakanichagua katibu: walidhani nikishika kalamu nitafunga mdomo. Walijidanganya, lakini kura zilikuwa zimeshapigwa.

Kamati yenyewe tuliundiwa na afisa mipango kutoka wilayani, mama wa makamo mwenye viatu virefu vya mpira na subira ndefu kuliko viatu. Kazi yake ni kuzunguka vijijini kuwasaidia watu wapange mambo yao wenyewe: kijengwe nini kwanza, kijengwe wapi, na kitasimamaje mvua ikichachamaa. Kila swali lake linaanza na neno lile lile. Ikiwa mvua itazidi, nafaka mtaiweka wapi? Ikiwa haitanyesha kabisa, ng'ombe watanywa nini? Ikiwa mto utajaa na mtu anaumwa? Hata hajamaliza chai ya siku ya kwanza, watoto walishambatiza Bi Ikiwa. Aliposikia alicheka, akauliza, "Na ikiwa silipendi hilo jina?" Basi likamganda moja kwa moja.

Mwenyekiti wa kamati ni Mjomba, kaka yake marehemu mama. Ujanani alikuwa fundi mwashi, na lile daraja aliliweka jiwe kwa jiwe kwa mikono yake. Mpaka leo akilitaja husema "daraja langu", kama mtu anayemtaja mke aliyekwenda kwao kusalimia tu, atarudi wiki ijayo.

Na mtu aliyekuwa akilihitaji daraja hilo kuliko wote ni Dada.

Dada ndiye aliyenilea. Ana watoto wake, ana ng'ombe wake wa maziwa, na ana mimi, ambaye sijui aniweke fungu gani. Lori la maziwa husimama kila asubuhi ng'ambo ya mto, kwenye barabara kubwa. Kiangazi Dada huvuka kwa kukanyaga mawe, dumu kichwani, dumu mkononi, anaimba. Masika mto ukijaa, lori hupiga honi, husubiri kidogo, huondoka. Maziwa hugawiwa majirani mpaka majirani wenyewe wanajificha, na yanayobaki humwagwa. Nimemwona Dada akifanya mambo magumu mengi usoni petu. Akimwaga maziwa, hutupa mgongo.

Maziwa hayo ndiyo yaliyonisomesha. Madaftari yangu yote yalinuka samli, na mwalimu mmoja aliniambia insha zangu ndizo pekee darasani zinazofuatwa na paka.

Mwaka huu Dada alisema maneno machache tu, akisugua madumu, bila kuinua kichwa. "Kivuko kisipoingia kwenye mpango wenu, nauza ng'ombe. Nahamia mjini na watoto. Chumba nimeshakiona, mnunuzi nimeshampata."

"Chumba kikoje?" nikauliza, nikidhani ni utani.

"Kina dirisha."

Mtu akishafika kwenye madirisha, ujue hatanii.

Basi Bi Ikiwa alipokuja mara ya kwanza, tulifanya kazi kwa bidii ya ajabu. Alitukusanya kwenye uwanja wa shule, akatupa majivu, vijiti, vifuniko vya soda na vigae vilivyovunjika, akasema, "Choreni kijiji chenu jinsi mnavyokijua." Hapo ndipo tulipoteleza, maana kukijua tunakijua sana. Mto tukaumwaga kwa majivu. Mama Mshonaji, ambaye cherehani yake ndiyo kituo cha habari pale mimi nikiwa nimelala, akaweka kisima. Mwenye Mbuzi akaweka duka. Mwingine akaweka ghala la nafaka. Mjomba akachagua kigae kizuri kuliko vyote, akakilaza juu ya mto, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akakisogeza kidogo kikae sawa. Daraja. Mimi nikainakili yote kwenye karatasi kubwa kwa kalamu za rangi, na ufunguo pembeni kama tulivyofundishwa. Ilipendeza. Dada akaweka kifuniko chekundu karibu na daraja, kikawa banda lake.

Hakuna aliyedanganya. Ukituapisha hata leo, tutaapa.

Bi Ikiwa alitaka atembee kijijini siku ile ile, ila wingu lilikuwa limekaa vibaya. Watu wa wilayani huja kwetu kwa njia ya nyuma, ile ya vilimani, inayopitika kwa pikipiki tu. Mvua ikinyesha hata pikipiki inageuka mzigo. Akakunja ramani, akasema kutembea itakuwa safari ijayo, akaondoka.

Safari ijayo ikawa Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo jioni ndipo Dada alipompa miadi mnunuzi wa ng'ombe.

Alifika asubuhi, matope mpaka masikioni, amechangamka. Tulikuwa ofisini, chumba kimoja chenye kabati lisilofungika na benchi ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Akatandaza karatasi yangu mezani, akaweka jiwe kila pembe.

"Ramani yenu nimeisifia kwa kila mtu," akasema. "Wenzangu wameanza kupanga vijiji kwenye orodha ya watakaojengewa kwanza. Visivyo na kivuko kabisa vimewekwa juu. Nyinyi mnalo daraja, kwa hiyo mko chini kidogo, lakini si haba. Kesho tunafunga orodha. Leo tutembee tu, nione kwa macho. Tuanzie darajani."

Kukawa kimya. Si kimya cha heshima, ni kile cha darasani mwalimu anapouliza nani kajamba. Mama Mshonaji akaanza kukagua pindo la kitenge chake kama ndiyo kwanza analiona. Mwenye Mbuzi akakumbuka mbuzi. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, matangazo yakakatika.

"Kuna nini?" akauliza Bi Ikiwa.

Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. "Daraja… kwa sasa liko…"

"Liko wapi?"

"Liko mtoni."

"Ndiyo, mtoni. Nipelekeni."

"Liko mtoni, chini huko," akasema Mjomba. "Kwa vipande."

Bi Ikiwa akaketi taratibu kwenye benchi, upande wa tofali. "Lilivunjika lini?"

Tukatazamana. "Redio alikuwa darasa la kwanza," akajibu Mama Mshonaji.

"Na hiki kisima?"

"Mahali pake papo, mama. Tena pazuri."

"Ghala?"

"Lina kuta mbili," mtu akasema kwa fahari.

"Duka?"

Nje mbuzi akalia.

Akanigeukia. "Redio, wewe umesoma. Kwa nini uliandika daraja?"

"Mama, pale mimi hupita kila siku."

"Unapitaje?"

"Kwenye maji."

Alinitazama, akaitazama ramani, ufunguo wangu pembeni na rangi zake, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Na sisi tukacheka, kwanza kwa woga, halafu kweli kweli, mpaka benchi likayumba na tofali likachomoka. Tulikuwa bado tunamwinua Bi Ikiwa kutoka sakafuni tulipomwona Dada mlangoni, dumu mkononi. Alikuwa amesimama hapo muda.

"Kwa hiyo tumewekwa chini," akasema, "kwa sababu tuna daraja."

"Dada, ngoja…"

"Hongereni. Mnunuzi wangu anakuja jioni. Nadhani atapita darajani." Akaondoka. Hata dumu halikugonga mlango, na hilo ndilo lililonitisha. Dada akikasirika kidogo hugonga vitu.

Bi Ikiwa akavaa miwani. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Sikilizeni. Kesho siwezi kusimama mbele ya wenzangu niseme hawa watu walisahau kwamba daraja lao halipo. Nataka ramani nyingine. Iwe na kilichopo, basi. Saa kumi naondoka kabla njia ya vilimani haijaharibika."

Tukarudi uwanja wa shule na majivu mapya. Na mwenzangu, sijui nikuambie nini! Majivu hata hayajatulia, Mama Mshonaji ameshaweka kisima.

"Mama Mshonaji!"

"Eeh! Mkono tu huo. Mkono umezoea."

Mjomba naye amekishika kigae chake, hakiweki, hakitupi. "Daraja huwezi kulifuta hivi hivi," akasema. "Nguzo ya kati ipo. Nimeiona kwa macho yangu."

"Umeiona lini, Mjomba?"

"Iko pale, we mtoto. Nguzo haina miguu."

Hapo ndipo nikapata wazo, na kama kawaida yangu likanitoka kabla sijalichunguza. "Basi mchezo ni huu: gusa, urudi. Hakuna kuweka kitu hapa chini mpaka uende ukakiguse kwa mkono, urudi na alama yake. Ukigusa kisima, rudi na maji. Ukigusa ghala, rudi na kitu cha ghala. Asiyerudi na alama, hana kitu."

Wakanivamia. "Unatufanya watoto wa chekechea?"

"Hapana, shangazi zangu. Watoto wa chekechea wanajua kisima hakipo. Ndiyo maana hawaendi kuchota."

Mjomba akanikata jicho lile la kifamilia. "Redio. Punguza sauti."

"Sauti ni ya kawaida, Mjomba. Ukweli ndio umewekwa karibu na spika."

Bi Ikiwa hakunitetea wala hakunikataza. Alisema tu, "Ikiwa mna njia nyingine ya kujua, nielezeni." Hawakuwa nayo. Wakaenda, mmoja mmoja, wakinung'unika kama watu wanaopelekwa kuoga.

Mama Mshonaji ndiye aliyerudi kwanza, mkono mmoja mweusi mpaka kwenye kiwiko.

"Nimegusa," akatangaza.

"Umegusa nini?"

Akautazama ule mkono. "Matope."

"Tuweke nini sasa?"

Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Weka matope."

Tukaweka matope. Aliyekwenda ghalani akarudi na tofali moja na buibui. Mwenye Mbuzi akarudi na mbuzi mwenyewe, kamfunga kamba, akasema huyu ndiye duka, na kama hatumwamini tumuulize bei ya sukari. Tulicheka, lakini ramani ilikuwa inaanza kutazamika: nyumba zipo, shule ipo, banda la Dada lipo, na katikati panabaki uwazi mkubwa ambao hatukuwahi kuuona, ingawa tunaishi humo.

Mjomba alichelewa. Alipotokea alikuwa amelowa mpaka kifuani, kofia kaishika mkononi, anatembea kama mtu anayebeba kitu kizito ambacho sisi hatukioni. Akaja akasimama juu ya mto wa majivu.

"Nimeigusa nguzo," akasema.

Nilikuwa na utani mkali tayari mdomoni, kuhusu fundi aliyekwenda kuoga saa za kazi. Nikaumeza.

"Nimeingia mpaka katikati, nikaweka mkono. Mkono mmoja tu, sikusukuma. Ikatikisika." Akatazama kiganja chake. "Ikatikisika kama jino la mtoto."

Akachukua kile kigae kizuri, akakitia mfukoni mwa suruali iliyolowa. Daraja likawa limekwisha. Mama Mshonaji akamtandikia kanga aketi, naye akaketi.

Nikashika ile karatasi yangu ya zamani niichane. Bi Ikiwa akanidaka mkono.

"Usiichane. Hiyo ni nzuri kuliko unavyofikiri. Una kalamu nyekundu?"

"Ninayo."

"Kila kitu kilichowashinda kugusa, kizungushie."

Nikazungushia. Kisima. Duka. Ghala. Daraja. Mama Mshonaji akakumbuka choo cha zamani cha shule, nikakizungushia nacho. Mwenye Mbuzi akakumbuka nyumba ya babu yake. Nikasimama wima, na nilipotazama nikaona nimechora kitu bila kukusudia: miduara yangu haikutawanyika ovyo. Ilikuwa imejipanga kama shanga kwenye uzi, ikianzia kwenye kona ya juu ya mto, ikakata katikati ya kijiji, ikaurudia mto pale pale palipokuwa na daraja.

Mjomba aliinuka na kanga yake mabegani. Akapiga magoti juu ya karatasi, akapitisha kidole, duara kwa duara.

"Lo," akasema taratibu. "Hii ni njia yake."

"Njia ya nani?"

"Ya maji. Mto ukijaa sana haufuati kitanda chake. Unapasukia hapa kwenye kona, unapita kisimani, dukani, ghalani, halafu…" Kidole kikagonga daraja kwa ubavu. "Mimi nililijenga likitazama mto. Kifua chake chote kilikuwa mbele. Maji hayakuja kwa mbele. Yalikuja kwa ubavuni, nyuma ya nyumba zetu." Akatikisa kichwa, na nikaona uso wake unafunguka, si kwa huzuni, bali kama fundi aliyeona kwa nini mlango ulikuwa haufungi siku zote hizo. "Lilikuwa daraja zuri. Lilikaa vibaya tu."

"Basi safari hii lijengwe imara," akasema Mama Mshonaji. "Hapo hapo darajani."

Bi Ikiwa akafungua mdomo. Uwanja mzima ukamtangulia: "Ikiwa maji yatakuja tena!" Hata yeye ikabidi acheke.

"Haya, mmehitimu," akasema. "Wapi, basi?"

Mjomba hakufikiri sana. "Mwambani."

Mwambani ni juu, kabla ya ile kona, mahali ambapo miamba miwili inakaribiana na mto unajibana katikati kama mtu anayepita mlango wa choo cha treni. Ni pembamba kiasi kwamba mtu mwongo anaweza kusema aliwahi kuruka. Pembeni kuna shamba la maharage la Mjomba, na kwenye karatasi yangu hapakuwa na duara jekundu hata moja huko.

"Njia ipite kwenye maharage yangu," akasema Mjomba. "Niandikie, Redio, kabla mjomba mwingine hajanijia kichwani."

Nikaandika. Kisha nikaona kifuniko chekundu, banda la Dada, liko chini kabisa, na mwambani kuko juu kabisa, nikaiweka kalamu chini. Tumepata mahali pazuri pa kivuko, tena mbali kabisa na mtu anayekihitaji.

Nilikimbia. Nikamkuta Dada bandani anawasafisha ng'ombe, anawapiga brashi mpaka wanang'aa kama wanaozwa.

"Kivuko kinakwenda mwambani," nikasema, nikihema.

Brashi haikusimama. "Mwambani. Nipande kilima na madumu kichwani, nishuke upande wa pili, nikute lori limebaki harufu."

"Kule chini hakitakaa, Dada. Mjomba mwenyewe kasema."

Brashi ikasimama. "Mjomba amesema?"

"Amelikana daraja."

"Mjomba wetu? Huyu huyu?"

"Ameligusa. Kigae amekitia mfukoni."

Dada akaegemea ng'ombe. Alikaa hivyo, mkono mgongoni mwa mnyama. Halafu akafunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Twende."

Uwanjani hakumsalimia mtu. Aliizunguka ramani ya majivu, akaitazama na ile ya karatasi yenye shanga nyekundu. Akamwambia Bi Ikiwa, "Nikikuomba kivuko hapa chini, mlangoni kwangu, kitakaa muda gani?"

"Mpaka mvua kubwa nyingine," akajibu Bi Ikiwa. "Sitakudanganya."

"Na kule juu?"

Mjomba akajibu mwenyewe. "Mpaka wajukuu zako wachoke kukipita."

"Lori je? Lori linanisubiri huku chini."

"Barabara inaufuata mto," nikadakia. "Kule mwambani inapita nyuma ya jiwe tu. Dereva akiambiwa asimame huko, atasimama. Maziwa ni yako, si yake."

Dada akainama, akaokota kifuniko chekundu. Akakishika hewani, kati ya chini na juu. Nikaona mkono wake unaelekea mwambani, na mdomo wangu, shetani huyu, ukasema, "Gusa, urudi! Banda halipo huko."

Akanigeukia. "Redio, hii ni ramani ya kilichopo?"

"Ndiyo."

"Na tunachofanya hapa ni nini? Mpango au mazishi?" Akakilaza kifuniko karibu na mwamba, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikazama kwenye udongo. "Banda ni miti na mabati. Linahamishika. Si kama nyinyi."

Bi Ikiwa alinipa karatasi mpya na kalamu ya kijani; nikainakili ramani ya majivu, kisha nikaandika kwa kijani vitu ambavyo bado havipo: kivuko mwambani, njia kwenye maharage, banda la Dada, ghala jipya nyuma ya shule mbali na shanga nyekundu. Mama Mshonaji akataka kisima. Tukamwambia achague mahali ambapo mkono wake haujazoea. Akachagua, akapatia.

Saa kumi Bi Ikiwa akakunja karatasi zote mbili, akazifunga kwenye mfuko wa nailoni. "Siahidi," akasema. "Ila kesho nitasimama na hizi bila kuona haya. Kijiji kinachojua kimepoteza nini, na kwa njia gani, sijawahi kukiona kikiwekwa chini."

"Na ikiwa watakataa?" nikamuuliza.

Watu wakaangua kicheko. Yeye akanirudishia: "Ndiyo, Katibu. Ikiwa watakataa?"

Mjomba alikuwa ameshavaa kofia yake. "Mawe tunaanza kukusanya Jumatatu, wakitaka wasitake. Pale pembamba, kivuko cha mguu na cha dumu nakijenga mimi na hawa wavivu. Wakileta saruji, tutasema asante na kupanua."

Pikipiki ikapanda vilimani, ikazama nyuma ya mawingu.

Mawingu yale yalikuwa yameshamwaga huko juu, maana jioni mto ulipanda, ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Tukasikia pikipiki nyingine, ng'ambo, kwenye barabara kubwa. Mnunuzi wa ng'ombe. Mtu mnene mwenye koti zuri, akasimama ukingoni, akayatazama maji, maji yakamtazama. Nusu ya kijiji tulikuwa tumekuja kuona.

"Habari za huko!" akapaza sauti. "Nipite wapi?"

"Pita daraj…" Mama Mshonaji akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilimwona Mjomba anatikisika mabega.

Dada alikuwa amesimama mbele yetu. Hakuwa na ng'ombe wala kamba. Akaweka viganja mdomoni. "Leo siuzi!"

"Mama, nimetoka mbali!"

"Pole sana! Ukitaka maziwa, masika ijayo njoo kule juu, mwambani! Banda langu liko karibu na daraja!"

Mnunuzi akageuka kutazama juu ya mto, mkono kwenye paji la uso. "Daraja lipi? Mbona silioni?"

"Utaliona!" akajibu Dada.

Nikafungua mdomo nimkumbushe kwamba anamwelekeza mgeni kwa kitu kisichokuwepo. Alinikabidhi dumu kabla sijatoa neno. "Redio, beba. Kuna kukamua."

Ng'ambo, mnunuzi akawaza kidogo, akapiga kiki pikipiki yake, akaanza kupanda taratibu kuelekea mwambani, shingo kainyoosha, akilitafuta.